Dirisha la Jikoni Nimeliacha Wazi

Chechelesi, Isiolo
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako mama yangu,

Bwana asifiwe, Mama. Nakusalimu kutoka huku kwenye joto, nikijua wewe huko Kinangop umejifunga shuka mbili na bado unalaumu baridi. Magoti yameamkaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia kwa mkono wa kaka Ndung'u unaitumia, au umeiweka kabatini ukingoja ugonjwa wa maana zaidi? Na ng'ombe alizaa salama? Mimi ni mzima. Mikono tu ndiyo imeharibika, imekuwa migumu na ina malengelenge kama ya mvunja mawe, lakini chakula kinapita na usingizi ninaupata.

Wairimu mwanangu, najua wewe ndiye unayemsomea shosho kwa sababu ya macho yake. Soma polepole na usiruke mahali popote. Ukifika mahali unaona haya, kohoa kidogo halafu uendelee. Shosho akisema "hiyo imetosha," mwambie karatasi bado ziko.

Mama, ninaandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Nikianza tu habari ya nyumba unasema "sawa, sawa," kisha unaniambia salio linaisha, na ni mimi ndiye nimepiga. Barua huwezi kuikata.

Unakumbuka Pasaka, nilipokuja kumchukua mtoto. Nilikuwa nimemnunulia begi jipya la nguo. Ulikuwa unamenya viazi, hata kichwa hukuinua. Ukasema, "Huko Isiolo una mahali pa kulala. Nyumba huna. Mtoto haondoki hapa mpaka nione nyumba." Ndung'u akacheka ndani ya kikombe cha chai. Mimi nikarudi Isiolo na begi tupu. Mama, nilikasirika, sitakudanganya. Nilikasirika mpaka gari liliposimama Nanyuki chai ikanishinda kunywa. Tena kilichonichoma ni kwamba hukukosea. Kile chumba cha kupanga, choo chetu sote, ukuta wa mabati ambao jirani akipiga chafya unamwambia pole, ningemlaza wapi msichana mkubwa?

Sasa sikiliza. Januari Wairimu anaingia gredi ya saba. Nataka siku hiyo atoke kwenye mlango wangu mimi, na sare yake ikiwa imepigwa pasi juu ya meza yangu. Hiyo ndiyo habari ya barua hii. Mengine yote ni maelezo.

Ile ploti niliyokuwa nakuambia ni yangu, nimemaliza kuilipa, na karatasi zimeandikwa Nyambura, si jina la mtu mwingine. Ilikuwa na nyumba juu yake, kama utaiita nyumba. Mzee aliyeniuzia alihamia Kinna kulima vitunguu, akaiacha kwa muda mrefu. Ni vyumba viwili na jikoni, kuta za mawe, mabati yenye kutu, sakafu ya udongo. Milango ya ndani hakuna. Jikoni hakukuwa na dirisha hata moja. Halafu kulikuwa na mbuzi.

Si mbuzi wa kupita, Mama. Mbuzi wenyeji. Walikuwa wa jirani yangu, Mama Talaso, mwanamke Mgabra, wale wafugaji wa kuhamahama, anayeuza maziwa sokoni. Siku ya kwanza nilifika na ufagio, nikamkuta amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Hawa walizaliwa humu," akaniambia.

"Basi washafikisha umri wa kuhama," nikamjibu.

"Sasa walale wapi?"

"Kwako."

"Kwangu kumejaa."

"Na kwangu ndiko nataka kujae."

Tuligombana hapo mpaka watu wakasimama kuangalia. Alienda akinung'unika, mbuzi nyuma yake. Kesho yake asubuhi nikasikia hodi, ni yeye, na birika la chai ya maziwa. Akakaa juu ya ndoo yangu iliyogeuzwa, akaniuliza kama ni kweli ninataka kuijenga mwenyewe. Nikasema fundi nitamwita wa umeme tu, maana huo sitaki kuuchezea. Hayo mengine ni ya mikono yangu, kwa sababu pesa ikiingia kwa fundi, kitanda hakitaingia ndani ya nyumba. Akaniangalia akasema, "Sawa. Kwetu nyumba inajengwa na wanawake. Wewe tu ndiyo umechelewa kujua." Mbuzi wake bado wanakuja jioni kusimama mlangoni, lakini wanafukuzika.

Mbao, najua utaniuliza nilitoa wapi. Si unajua kazi yangu pale jikoni kwa shule ya bweni? Nyuma ya jiko langu huwa wanarundika madawati yaliyovunjika, na mimi ndiye ninayeyachoma nikipika githeri. Miaka yote hii ninachoma mbao nzuri ya saiprasi, iliyokauka, bila kupinda! Siku moja nilikuwa na kipande mkononi, nataka kukisukuma motoni, nikasimama. Nikajiambia, Nyambura, unapika kitanda cha mtoto wako. Nikaenda moja kwa moja kwa naibu wa mwalimu mkuu, aproni bado nimevaa, nikamwambia nitaleta kuni za kubadilisha, gogo kwa ubao. Akacheka, akakubali. Basi nikawa nanunua kuni kwa akina mama wa Ngaremara, pale kando ya barabara kuu, napeleka shule, na jioni narudi nyumbani na mbao begani.

Hizo mbao zina maneno, Mama. Wanafunzi wamezichora kwa ncha ya bikari, majina, mioyo, matusi mengine hata sitakuandikia. Nilipiga randa karibu zote. Lakini kwenye kitanda cha Wairimu, upande wa kichwani, niliacha ubao mmoja ulioandikwa "Mungu nisaidie hesabu." Wairimu, usijifanye hujasikia. Matokeo yako niliyaona.

Vifaa vyangu ni nyundo, msumeno, randa ya kuazima na tindo moja. Futi ya kupimia nilikuwa nayo, ikaanguka kutoka juu ya paa, spiringi ikaruka, haikurudi tena ndani. Nikaona sina haja ya nyingine. Nilifumua gunia la mchele, nikatoa kamba, na kila kitu nikakikatia kamba ya urefu wake: kamba ya mlango, kamba ya kitanda, kamba ya meza. Nimezitundika kwa misumari ukutani. Nikitaka kukata ubao nautafutia kamba yake, naweka alama ya mkaa, nakata. Mlango wa chumba cha kulala umeingia mara ya kwanza bila kukwaruza. Nililia kidogo, si kwa huzuni. Nilikuwa naufungua na kuufunga tu kama mtu aliyepagawa.

Paa nililipanda mimi mwenyewe na ndoo ya lami. Nilivaa suruali, ndiyo, suruali, na usimwambie mke wa mchungaji. Vijana wa bodaboda walisimamisha pikipiki zao zote chini wakiangalia juu.

"Mathe, shuka, utaanguka!"

"Nikianguka utanipeleka hospitali bure?"

"Bure hapana, mathe. Lakini bei tutaelewana!"

Nikawaambia kama hawana kazi wanipandishie ndoo. Mmoja akapanda kweli, akaziba matundu ya upande wa mbele huku akijigamba kwa wenzake. Mvua ya kwanza ya msimu huu ilipokuja nilikaa katikati ya chumba na sufuria tatu tayari. Sikupata hata tone la kuonja.

Sasa nikuambie kosa langu, ucheke, maana hili kosa ni la kwako pia.

Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba nyumba huzibwa. Kila mwaka kabla ya ile baridi ya Julai tulikuwa tunapanda juu ya meza, mimi na Ndung'u, tunasukuma magunia na udongo pale kati ya ukuta na mabati, na wewe chini unaonyesha kwa mwiko, "Hapo! Hapo bado naona mwanga!" Basi mimi kufika kwa hii nyumba na kuona matundu yamezunguka chini ya paa lote, kitu gani kilinijia? Nilijua mwenyewe wa zamani alikuwa mvivu. Nikachanganya simiti na mchanga, nikaziba. Niliziba kwa bidii, Mama. Nililainisha mpaka na kidole. Hapakubaki mahali pa mwanga wala pa mdudu kupita. Nilijisifu mwenyewe, nikafunga mlango, nikaenda kazini.

Niliporudi alasiri nilikuta mshumaa niliouacha juu ya meza umeinama mpaka kichwa kimegusa ubao. Mafuta ya kupikia, yale ya kuganda, yamekuwa maji. Sabuni ya kipande ukiigusa inashika kidole. Nikakaa ndani kwa ukaidi, nikisema nitazoea, jasho linatiririka mpaka kwenye viatu. Mama Talaso akaingiza kichwa mlangoni.

"Nyambura, unaoka nini humu?"

"Sioki kitu."

"Basi ni wewe unaokwa."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilitaka kukasirika, lakini hata nguvu ya kukasirika ilikuwa imeyeyuka. Niliona wazi kwamba mikono yangu bado inakaa Kinangop. Nilichukua tindo na nyundo nikavibomoa vile viziba vyote, kimoja baada ya kingine. Kila tundu lilipofunguka upepo uliingia, nikasikia raha mpaka nikaanza kuimba. Mahali pa simiti nimeweka waya wa chujio kuukuu la shule, ili nge na popo wasiingie. Na hapo ndipo nilijua jikoni nako lazima nivunje ukuta, niweke dirisha upande ule upepo unakotoka. Nitakurudia kwa hilo dirisha. Ndilo linalonifanya niandike.

Sakafu ni ya simiti sasa. Niliipiga mwenyewe. Huku simiti inakauka kwa haraka ya ajabu, usipoifunika magunia yenye maji inapasuka kama kisigino. Kona moja ilipasuka kabla sijajua, na nimeificha chini ya kabati. Kuta nimepaka chokaa nyeupe ndani na nje. Kochi nimeliunda kwa paleti za mbao za sokoni, zile za kupangia magunia, na sponji ya magodoro ya zamani niliyoyafua na kuyaanika mpaka nikachoka. Pazia nimeshona kwa leso. Kabati la vyombo lilikuwa masanduku ya nyanya, lakini huwezi kujua mpaka nikuambie, na nimeshakuambia. Meza ni dawati zima la mwalimu, mguu mmoja ni mpya. Mgeni akikaa kwenye kochi halilii.

Kitu kimoja tu. Kochi langu liko uchi, Mama. Unajua ninasema nini. Mke wa Ndung'u alipohamia kwake ulimshonea vitambaa vya makochi seti nzima, vya waridi, na cha televisheni juu. Mimi sijaomba. Ninakuelezea tu vile nyumba inaonekana.

Nilipomaliza vyumba nilimwita Mama Talaso chai. Nilimpa kikombe kizuri. Hakukaa. Alizunguka akigusa kila kitu, kuta, mlango, zile kamba zangu ukutani, akajilaza hata kwenye kitanda cha Wairimu kukijaribu. Nilikuwa nangojea sifa, kusema kweli. Akarudi, akakaa, akanywa, akaniuliza, "Na cha mama yako ni kipi?"

Nikamwambia hakuna. Kila kitu nimetengeneza mimi.

"Ninajua umetengeneza. Ninauliza, mama yako ametoa nini kwenye nyumba yake akuletee?"

Akanielezea. Kwao msichana akipata nyumba yake, mama anaifungua nyumba yake mwenyewe, maana kwao nyumba ni ya kufungwa kwa kamba, anatoa fito na mikeka, anampa. Nyumba ya msichana inasimama kwa vitu vya mamake. Nikamuuliza, kwani ya mama haiharibiki? Akasema hapana, inafungwa tena, inakuwa ndogo tu.

"Na hasikii vibaya, nyumba yake kuwa ndogo?"

"Inakuwa ndogo kwa sababu watu ndani wamepungua. Angefanyia nini kubwa?"

Nikamwambia hayo ni ya harusi, na mimi nilishatoka kwenye ndoa, mama yangu hawezi kutoa kitu kwa nyumba ya namna hii. Akaniangalia kana kwamba nimesema jambo la kitoto. "Nyumba ni ya mwanamke," akasema. "Harusi ni ya siku moja." Akaongeza sukari, akaanza habari nyingine ya bei ya maziwa. Lakini mimi sikusikia tena alichokuwa anasema.

Wairimu, hapa ndipo unaweza kukohoa.

Mama, mimi najua. Si nyumba peke yake uliyokuwa unaiongelea siku ile ya viazi. Baba alienda, Mungu amlaze pema. Ndung'u akajenga kule ng'ambo ya mto. Mimi nikaolewa, nikarudi na mtoto mgongoni, nikaondoka tena kutafuta kazi, nikakuachia huyo mtoto. Sasa ninataka kuja kumtoa na yeye. Mtu aliyekuwa na nyumba imejaa kelele atabaki akiongea na kuku. Ningekuwa wewe hata mimi ningesema nyumba haipo. Hata ningeonyeshwa, ningesema paa limeinama.

Sikulaumu. Ulimlea wakati mimi sikuwa na mahali pa kumweka, na hajawahi kulala njaa wala kuvaa nguo iliyochanika. Lakini ni mtoto wangu, Mama, na ninamtaka. Nimepiga misumari tangu Pasaka kwa sababu ninamtaka. Sitaacha kumtaka hata ukisema "sawa, sawa" mara mia.

Kwa hiyo kwenye kile chumba cha Wairimu vitanda ni viwili. Kimoja cha juu kidogo, chake, chenye ubao wa hesabu. Kingine nimekifanya cha chini, kipana, miguu mifupi, mtu mwenye magoti mabaya aweze kukalia bila kupanda. Ndung'u akisikia atasema ni cha wageni. Si cha wageni. Sikuambii uhame, shamba na ng'ombe utamwachia nani, na najua joto hili utalilaani kuanzia asubuhi. Lakini ile Julai ya kule, magoti yanapokataa kabisa, mbona uteseke wakati huku kuna jua la bure? Njoo ukae mpaka uchoke. Ukichoka utarudi. Kitanda hakitaenda mahali.

Basi dirisha. Ukuta wa jikoni nimeshauvunja. Nilikuwa nimepata fremu ya vioo kwa wauza vyuma, nzuri tu, lakini baada ya ile chai niliirudisha. Nilikumbuka dirisha lako la jikoni, lile la mbao, kabla Ndung'u hajakuwekea la vioo. Lile jeusi kwa moshi, lenye bawaba za ngozi ya kiatu. Ulikuwa unalifungua kwa kiwiko, unatupitishia sinia ya viazi sisi tuliokuwa nje, na sinia ilikuwa inapita sawasawa, kidole kimoja huku na kidole kimoja kule. Ukifunga ulikuwa unalibamiza, na sisi tulijua siku hiyo umekasirika na nani. Sasa hivi ndilo mlango wa banda la kuku.

Sinia hiyo ninayo mimi. Ulinipa nilipoondoka, nikiwa sina hata kijiko. Ndiyo niliyopimia. Niliishikilia ukutani, nikaweka kidole huku na kidole kule, nikachora kwa mkaa, nikavunja mpaka kwenye alama. Tundu liko wazi sasa. Mchana ninaliacha hivyo, upepo unapita vizuri kabisa. Jioni nalifunika gunia ili mbuzi wa Mama Talaso wasichungulie sufuria zangu. Watu wananiuliza mbona nyumba yote imekwisha na pale tu nimeweka gunia. Nawaambia dirisha liko njiani.

Nakuomba hilo, Mama. Siombi pesa, na vitambaa ukitaka kuninyima ninyime. Nakuomba dirisha la kuku. Shule zikifunga, njooni wewe na Wairimu, mlibebe mje nalo. Ulitie mwenyewe kwenye ukuta wangu, ulifungue na ulifunge, halafu useme kama hii ni nyumba au ni mahali pa kulala. Utakalosema nitalikubali. Si kwamba nitaacha kubishana, unanijua, lakini kwanza njoo uone.

Mkija, vaeni sweta mpaka Timau. Mkianza kushuka kutoka hapo mtazivua wenyewe bila kuambiwa. Beba maji ya kunywa, na usimpe mtu wa gari mzigo wa juu, dirisha likae miguuni pako. Nitawangoja stendi. Chakula kitakuwa tayari, na kwa mara ya kwanza sitapikia watoto mia tano, nitapikia watu watatu. Sijui hata kama nitapatia chumvi.

Nisalimie Ndung'u, ndugu yangu wa kucheka ndani ya kikombe, na umwambie kuku watahitaji mlango mpya, mikono anayo. Nisalimie mkewe, na watoto wao. Msalimie yule mama jirani anayekukamulia ng'ombe ukiumwa magoti, mwambie nimemwekea leso. Na mke wa mchungaji, lakini bila ile habari ya suruali. Mama Talaso anakusalimia na kusema ana hamu ya kumwona mwanamke aliyemzaa mtu mbishi namna hii.

Niombee, Mama, nami nakuombea kila siku.

Ni mimi binti yako, mwenye nyumba,
Nyambura

Wairimu, usikunje barua kwanza. Angalia ndani ya bahasha, chini kabisa, kuna kamba yenye mafundo mawili. Kutoka fundo hadi fundo ndiyo upana wa tundu la ukuta wangu. Nenda kwenye banda la kuku, mtoe yule jogoo asikudonoe, na uipime hiyo kamba juu ya dirisha, shosho akiwa amesimama hapo anakuona. Ikitosha, mwambie imetosha. Isipotosha, usimwambie kitu. Lishusheni tu mje nalo, mimi nitavunja ukuta tena.